Harusi Zilizotangulia Maji

Siku mliyonifanyia chai ya kuniaga mlisema nisiondoke na mambo kichwani, niyaandike. Nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani, maana vyeo havijawahi kuzuia hata tone moja la maji. Nitaeleza habari za bwawa, za milango yake, na jinsi nilivyopata kuolewa mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa Bujumbura bila kupewa talaka hata moja. Mto wenyewe sitautaja kwa jina. Anayeujua anaujua, na mto haukufanya kosa lolote.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, binti wa fundi magari. Nilipomaliza shule ya ufundi nilitumwa bwawani kuwa mpimaji wa maji, mwanamke peke yangu. Mama alisema kazi ya serikali inaanzwa kwa heshima, kwa hiyo nilipanda mlima nimevaa viatu vya kisigino. Mzee Bonifasi, msimamizi wa milango, aliviangalia viatu vile, kisha akaniletea buti za mtu aliyestaafu kabla yangu. Zilikuwa kubwa kiasi kwamba miguu yangu ilianza safari kwanza, buti zikafuata baadaye.

Nilidhani nitapewa ubao wa kipimo. Nikapewa kopo la grisi na brashi. Juma zima nilipaka grisi parafujo za milango mitatu, zile ndefu zinazozungushwa kwa manivela, mkono wa chuma, mpaka mama akaanza kunifulia nguo zangu mbali na za wengine. Nilipolalamika kwamba nilikuja kupima maji, Mzee Bonifasi hakukasirika. Alikuwa mtu wa Kayanza, mwembamba, mkatoliki wa misa ya asubuhi, na alizungumza Kiswahili cha Bujumbura kwa upole, utadhani anakuazima kila neno.

"Kupima ni habari tu, Mariamu," alisema. "Kufungua ndiyo kazi."

Alinifundisha kazi hiyo kuanzia chini. Alinifundisha kupiga magoti kwenye ngazi ya mawe hadi jicho liwe sawa na uso wa maji, kwa sababu anayesoma kipimo akiwa amesimama husoma anachokitaka. Alinifundisha kugusa parafujo ya mlango kwa kiganja, kusikia kama inatetemeka. Na alinifundisha habari ya chumba cha mgeni. Bwawa letu lilikuwa la udongo, na maji yakishapita juu ya udongo hayarudi nyuma kuomba radhi. Kwa hiyo kabla mvua kubwa hazijaanza, lazima uliteremshe ziwa la bwawa, uache nafasi. Mvua ni mgeni asiyepiga hodi, anakuja na watoto wake wote, na akikuta chumba kimejaa atalala juu ya kitanda chako.

Aliyekuwa hapendi chumba cha mgeni ni direkteri wetu, mkuu wa shirika. Ofisi yake ilikuwa Rohero, ghorofani, na alikuwa mtu mwema, nadhifu, mwenye suti hata siku za joto kali. Lakini alipenda kuona ziwa limejaa kama mama anavyopenda kuona debe la unga limejaa. Kwake ziwa lililojaa lilikuwa taa za mji na maji ya bomba hadi mwisho wa kiangazi. Kila tulipoomba ruhusa ya kufungua, alijibu kwa redio kwamba tungoje kidogo, huenda mvua itapita pembeni. Mzee Bonifasi alimsikiliza kwa adabu, akasema ndiyo patron, akaanza kupaka manivela grisi. Hadi ruhusa ilipofika, grisi ilikuwa tayari.

Maji tuliyoyaachia yaliteremka bondeni nyuma ya Kiriri, yakazunguka, yakatokea kwenye tambarare ya Gasenyi. Na huko Gasenyi, ndani ya mto wenyewe, kulikuwa na mji mwingine. Palikuwa na wachimba mchanga, wafyatua matofali, wavunja mawe, na wanawake wa kufua. Mkubwa wao wote kwa sauti alikuwa Mama Nahimana, ambaye alifua nguo za majumba ya Kiriri na kuzianika juu ya mawe. Ungeweza kusimama kwenye kingo ukajua nani katika serikali amenenepa na nani amekonda, kwa kuangalia suruali tu.

Zamani, kabla ya vita, kuwaondoa ilikuwa rahisi. Tulikuwa na sirene, yaani king'ora, kule chini kwenye kituo kidogo. Ililia mara tatu, watu wakapanda kingo wakitutukana, maji yakapita, wakashuka tena wakitutukana. Mambo yalikwenda vizuri hivyo.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza, wengi wenu mlizaliwa ndani yake na wengine wengi walizikwa ndani yake. Nitasema tu kwamba watu wa mto hawakuacha mto, maana matofali yalitakiwa zaidi kuliko zamani, nyumba nyingi zilikuwa zimeanguka. Na mvua nazo hazikusikia kwamba kuna vita.

Masika ya kwanza ya vita, ziwa lilipanda kwa kasi, ruhusa ikatoka Rohero, Mzee Bonifasi akawa juu kwenye milango nami nikawa chini kwenye kituo na redio. Nikabonyeza sirene kama siku zote. Haikumaliza hata mlio wa kwanza. Askari waliokuwa darajani walidhani ni shambulio, wakaanza kupiga risasi hewani. Na watu wa Gasenyi wakafanya kile ambacho miezi ile ilikuwa imewafundisha: wakisikia risasi, watafute mahali pa chini, walale kifudifudi. Mahali pa chini kuliko pote palikuwa mtoni. Waliokuwa mtoni walilala chini palepale. Waliokuwa juu, wauza ndizi, wapita njia, mpaka padri mmoja na baiskeli yake, wakateremka mbio kuwafuata.

Nilipiga kelele kwenye redio, "Funga, Mzee, funga, iko watu mu mto!" na Mzee Bonifasi akafunga, lakini maji yaliyokwisha kutoka hayafungiki. Yalifika yakiwa ya magoti, ya rangi ya chai ya maziwa, na watu wakainuka wakipiga mayowe, wakashikana mikono, wakatoka. Hakufa mtu. Yalikwenda matofali mabichi, sepetu, baiskeli ya padri, na nguo zote za Kiriri. Kuna mashati ya wakubwa wa nchi hii yaliyokwenda kuishi Ziwa Tanganyika bila pasi ya kusafiria. Mama Nahimana alitoka majini ameshika soksi moja. Alikuja moja kwa moja hadi kituoni, akaniwekea soksi ile mezani, akaondoka bila kusema chochote. Kunyamaza kwa mwanamke yule kuliniogopesha kuliko risasi. Nilikaa chini nikalia.

Kesho yake wakubwa wa jeshi walikata nyaya za sirene. Wakasema: hakuna sirene, hakuna spika za mkononi, hakuna kupiga ngoma. Tutafute njia nyingine.

Mtaniuliza kwa nini hatukufungua usiku, wakati watu wamefungiwa majumbani kwa amri. Tulikwishauliza. Mtu anayezungusha manivela juu ya ukuta wa bwawa kwenye giza anahitaji taa, na mtu mwenye taa mlimani miaka ile hakuwa na maisha marefu. Zaidi ya hayo, mvua za milimani zilinyesha mchana baada ya saa nane, na ziwa letu dogo halikuwa na subira ya kungoja jua lizame. Ilikuwa lazima tufungue mchana, na ilikuwa lazima watu wapande. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi misimu yote iliyofuata: si kufungua, bali kupandisha watu.

Tulijaribu kengele ndogo aliyoiomba Mzee Bonifasi kanisani. Baadhi ya watu mtoni walipiga magoti. Wengine walikumbuka kwamba padri yule anadai kuelezwa habari ya baiskeli yake, wakajificha. Tukajaribu kupita kingoni tukipaza sauti. Mzee Bonifasi mwenyewe, na umri wake, alikimbia kando ya mto akiita, "Mutoke! Mutoke!" Watu waliona mzee anakimbia na kupiga kelele, wakaelewa kwamba ameiba au ameibiwa, wakapanda wote kingoni kumfukuza. Kwa upande wa maji, njia ile ilifaulu kabisa, hakubaki mtu mtoni. Ila Mzee Bonifasi aliokolewa na askari wa darajani, na tangu siku hiyo akasema kazi yake ni milango tu.

Jibu lilikuja lenyewe Jumamosi moja. Nilikuwa kingoni nikiangalia matofali, pakapita msafara wa harusi. Magari mawili tu, maana ilikuwa miaka ya vikwazo na mafuta yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi, lakini honi zililia kama mnavyozijua, pi-pi-piii, na bibi harusi alikuwa amekaa nyuma kama sanamu. Mara nikaona mto unamwagika kuja juu. Wachimba mchanga, wafyatua matofali, wanawake na povu mikononi, wote walipanda kingo kumwona bibi harusi. Askari wa darajani wakacheka, wakapunga mkono. Hakuna bunduki iliyolia. Mto ukabaki mtupu, mawe na mabeseni tu.

Nilikwenda nikamweleza Mzee Bonifasi, naye akafikiri mpaka sigara yake ikaisha. Akasema hofu inapeleka watu chini, harusi inawaleta juu, basi tutafute bibi harusi. Akaniangalia. Nikaangalia ziwa. Hapakuwa na mwanamke mwingine.

Direkteri alipoelezwa kwa redio aliuliza kama katika kanuni za shirika kuna kitu kinachokataza. Hakikuwepo. Mkuu wa askari wa eneo lile naye alisema sirene hairuhusiwi, lakini harusi inaruhusiwa hadi saa kumi na moja. Hivyo ndivyo nilivyoolewa mara ya kwanza.

Gari letu la harusi lilikuwa kamyoneti, pikapu nyeupe ya kazi, yenye mlango uliobonyea na honi iliyokohoa kabla ya kulia. Shela ilikuwa chandarua. Maua tuliyachuma kwenye nyua za Kiriri, tukitoa maelezo kwa walinzi kwamba ni kwa ajili ya usalama wa taifa, na mimi bado nasema hatukudanganya. Mwendeshaji alikuwa Hamisi, dereva wetu, kijana mpole wa Buyenzi aliyekuwa amehamia Gasenyi, mwenye tabia ya kufuta kioo hata kikiwa safi. Mzee Bonifasi alingoja juu na redio. Mimi nilikaa nyuma ya kamyoneti juu ya kiti cha mbao, nimeinamisha uso kama inavyotakiwa, na ndani ya shela niliangalia mto. Watu walipanda. Wanawake walipiga vigelegele. Nilipoona hata mtu mmoja hayuko chini, nilibonyeza redio chini ya chandarua nikasema, "Fungua." Mlio wa maji ulipofika, watu walikuwa bado wanabishana kama bibi harusi ni mzuri au la.

Bila shaka hawakuwa wajinga. Mara ya pili walinitazama kwa makini. Mara ya tatu Mama Nahimana alisimama mbele ya gari, akafunua chandarua kwa vidole viwili, akanitambua. Nilidhani atanichapa. Akakirudisha chandarua taratibu, akageuka, akawapigia wenzake kelele:

"Ni ule wa maji! Bibi arusi akipita, maji iko nyuma yake. Mupande, na mubebe nguo!"

Tangu hapo hatukuwa na haja ya kumdanganya mtu. Watu wa mto walijua: kamyoneti nyeupe, honi yenye kikohozi, chandarua, kisha maji. Harusi nyingine zilipopita walizitazama kwa raha zao. Yetu ilipopita walibeba mabeseni. Hata vigelegele walivipiga, kwa mazoea na kwa kunitania, na wafyatua matofali walikuwa wakiniuliza mahari ya safari hii ni ng'ombe wangapi. Kwenye bariyeri, kizuizi cha askari pale darajani, kila koplo mpya alidai soda ya harusi, na kila koplo wa zamani alimweleza mpya kwamba huyu dada haoleki, asitegemee. Misimu ikapita, maji yakapita, na katika mto ule hapakuzama mtu. Nawaambia wazi, hakuna kitu katika kazi yangu nilichokipenda kuliko kuangalia mto mtupu kupitia matundu ya chandarua.

Kulikuwa na majuma ambapo mafuta hayakupatikana kabisa. Hamisi alifungua honi na betri kwenye kamyoneti, akavifunga kwenye baiskeli, nami nikaolewa kwa baiskeli, nimekaa upande nyuma yake, shela imeingia kwenye spoki. Tulianguka mbele ya bariyeri. Askari walisimama wima kwa heshima mpaka tukainuka.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Habari zilimfikia mama Buyenzi kwamba binti yake anaolewa Gasenyi kila mvua ikinyesha, na hakuna aliyekuja kujitambulisha. Nilimweleza kazi yenyewe. Alisema ameelewa, ila majirani hawajaelewa, na yeye hawezi kumweleza kila mmoja mambo ya milango na parafujo. Wachumba wawili walioleta posa waliacha kuja. Mmoja alisema hana uwezo wa kumwoa mwanamke mwenye harusi nyingi kiasi hicho.

Aliyemaliza jambo hilo ni Hamisi. Siku moja tulikuwa tumengoja maji yapite, nami nakunja chandarua, akawa anafuta kioo kwa muda mrefu kupita kawaida yake. Kisha akasema bila kugeuka:

"Dada Mariamu, mi nimechoka kubeba bibi arusi mwenye hafikake."

Nikamwuliza anataka kuhamishwa kazi. Akasema apana, anataka nifike nyumbani kwake. Nilikaa kwenye kile kiti cha mbao nikainamisha uso, na safari hii haikuwa kwa sababu ya desturi.

Tulipanga harusi ya kweli katikati ya kiangazi, tukijua hakutakuwa na kazi ya milango. Miezi hiyo ziwa huwa chini, na kila ndoo ndani yake ina mwenyewe. Mto wa Gasenyi huwa uzi tu kati ya mawe. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini Buyenzi, mbele ya baba na wajomba, na baada ya hapo msafara ukatakiwa kunipeleka nyumbani kwa Hamisi, Gasenyi. Mzee Bonifasi hakuja. Hapakuwa na mtu wa kumwachia milango, na njia ya mlimani haikuwa ya kupanda na kushuka kwa starehe. Alinitumia mbuzi, na salamu kwamba ananiombea kwa Mungu wake, nami nimwombee kwa wangu. Direkteri alikuja, na kwa ukarimu wake akatufanyia zawadi ambayo hatukuomba: alituazima gari la kazi limpeleke bibi harusi, limeoshwa, limepambwa kwa maua ya dukani. Ilikuwa ile kamyoneti nyeupe. Binamu wa Hamisi akashika usukani, Hamisi kwa mara ya kwanza akakaa nyuma pamoja nami, direkteri akafuata na gari lake. Shela yangu ilikuwa ya kweli, imetoka kwa shangazi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikufikiri kitu chochote.

Tulipokata kona kuingia njia ya kingoni, binamu akapiga honi. Ikakohoa, ikalia.

Mto ukapanda. Watu wake hawakuwa wamewahi kupanda kwa haraka namna ile, kwa sababu walijua kwamba maji ya kiangazi, yakija bila mvua, maana yake bwawa limeharibika. Walitupa sepetu. Walibeba watoto, mabeseni, nguo mbichi begani. Wanaume wawili walimbeba bibi kizee mvunja mawe pamoja na nyundo yake. Hakuna aliyenitazama. Wote walijipanga kingoni, wakatugeuzia mgongo, wakakodoa macho kule juu mto unakotokea. Binamu wa Hamisi akasimamisha gari, maana njia ilikuwa imejaa watu.

Niliteremka na shela yangu. Nilimfuata Mama Nahimana, ambaye alikuwa amebeba nguo za Kiriri nzima kichwani, nikamwambia kwamba leo hakuna maji, warudi kazini, leo naolewa kweli.

"Kila siku unaolewa kweli," alinijibu, macho yake bado mtoni. "Sisi tunangoja maji."

Nilimwonyesha shela. Akasema ni nzuri kuliko ile ya mbu, shirika limepata pesa. Nilimwonyesha Hamisi. Akasema huyo anamjua, ni dereva. Hamisi akaapa. Wajomba zangu wakaapa. Wafyatua matofali wakatuhurumia, wakasema wanaelewa, ni kazi. Jua lilikuwa kali, watoto walianza kulia, na chini mtoni matofali mabichi yalikuwa yanapasuka kwa kukosa mtu wa kuyafunika majani. Hakuna aliyeshuka. Kijana mmoja alipotaka kushuka kuchukua kandambili zake, Mama Nahimana alimvuta kwa shati.

Hapo ndipo nilipoona jambo lenyewe, na furaha yote ikanitoka miguuni. Jioni ingefika, nao wangeshuka wakiwa wakavu. Wangesema, kumbe harusi inaweza kupita bila maji. Na mvua zitakapokuja, na mimi nipite na chandarua changu, mmoja angesema ngoja kwanza nimalize karai hili. Mmoja tu angetosha.

Nilikwenda kwenye gari la direkteri. Alikuwa ameteremka, anajifuta jasho kwa kitambaa. Nikamweleza ninachotaka. Alinitazama kama nimemwomba figo.

"Mariamu, hii ni kiangazi," alisema.

"Najua, patron. Lakini leo wakirudi chini bila kuona maji, mu mvua hawatapanda."

"Na taa? Ziwa iko chini sana. Nikitoa maji saa hii, leo jioni mashini itasimama. Na kwenu arusini pia. Hakuna muziki, hakuna kitu."

Nilimwambia tuna kandili. Akauangalia mto mtupu, akawaangalia watu wale mmoja mmoja, na yule kijana aliyekuwa anavutwa shati. Sijui alifikiri nini, hakuwa mtu wa kueleza. Alikwenda mwenyewe kwenye kamyoneti, na suti yake, akaingiza mkono katikati ya maua akatoa redio, akamwita Mzee Bonifasi, akamwamuru afungue mlango mmoja kidogo.

Kisha ikaja sauti ile ya kuazima maneno:

"Patron, munaumwa?"

Direkteri akasema haumwi. Mzee Bonifasi akauliza tena, kwa adabu, kama mimi nipo hapo. Nikasema nipo. Akauliza kama nalia. Nikasema kidogo. Akasema basi anafungua, na tusikie jinsi parafujo inavyozunguka bila kelele, hiyo ni grisi.

Tulingoja. Harusi nzima ilingoja kingoni, wajomba na kanzu zao, shangazi na sufuria za pilau magarini, direkteri na kitambaa chake, pamoja na watu wa mto na mabeseni yao. Pilau ikapoa. Watoto wa mto wakapewa sambusa, maana hapakuwa na kitu kingine cha kuwafanya wanyamaze. Mama yangu alimwuliza Mama Nahimana kama huwa wanangoja muda wote huu. Akajibiwa kwamba binti yake hajawahi kuwadanganya hata siku moja, maji yatakuja tu.

Yakaja. Kwanza majani makavu yakaja yanateleza juu ya mawe, kisha ulimi wa maji ya kahawia, kisha maji yenyewe, kidogo tu, ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Yalichukua kandambili za yule kijana. Mama Nahimana akamgeukia akamtazama, akamwachia shati.

Yalipokwisha kupita, watu walishuka wakarudi kazini, wameridhika. Hakuna hata mmoja aliyenipigia kigelegele siku hiyo, na mpaka leo kuna watu Gasenyi wasioamini kwamba nina mume. Lakini kabla hawajashuka, maji yakiwa bado yanapita, nilisimama pale na shela yangu ya kweli, nikawapitia kwa macho toka mwanzo wa ukingo hadi mwisho wake, mmoja mmoja, na wote walikuwa juu, na wote walikuwa wakavu.